Fundisho Lake ni Nini?

Lipo swali moja ambalo ningependa lizikwe, tena kwa kina cha kutosha hata mbwa wasiweze kulifukua. Swali lenyewe ni hili: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mwalimu huliuliza darasani kabla sentensi ya mwisho haijapoa. Mhubiri huliuliza na kulijibu mwenyewe, asije akatokea mtu wa kulijibu vingine. Mzazi huliuliza mbele ya runinga akiwa ameshika kitufe cha kuizimia. Na siku hizi hata kijana anayetumiwa kipande cha filamu katika simu yake hukuta jibu limeshaandikwa chini: jifunze kutomwamini rafiki, jifunze kwamba mwanamke ni nyoka, jifunze kwamba umaskini ni ugonjwa wa fikra. Mkulima wa chai wa Katumba anayesoma maneno hayo huku akingoja malipo ya majani yake, naye anatakiwa aitikie amina.

Msomaji asinielewe vingine. Mimi ni mmoja wa watu waliolelewa na vitabu. Naamini kwamba hadithi hufundisha, sinema hufundisha, na dunia hufundisha kuliko zote mbili. Ninachokikataa ni fundisho la kidonge, yaani sentensi moja iliyokaushwa, inayochokolewa ndani ya kisa kama kokwa ndani ya parachichi, kisha parachichi lenyewe likatupwa. Sisi wa Rungwe tunalima maparachichi. Ni nani kati yetu amepata kumwona mtu akila kokwa na kutupa nyama? Lakini hivyo ndivyo tunavyosoma vitabu, ndivyo tunavyotazama filamu, na nachelea kusema kwamba ndivyo tunavyoanza kutazamana sisi kwa sisi.

Hoja yangu ni fupi. Hadithi humsaidia mtu kwa njia mbili. Humpa kinga, akaweza kulisema jambo lake bila ya kulitaja kwamba ni lake. Kisha, ikizungumzwa mbele ya wenzake, humpa watu wa kulisikia jambo hilo. Fundisho la kidonge huziba njia zote mbili kwa mara moja, kwa sababu jibu likishajulikana, hakuna tena haja ya kusema wala ya kusikiliza.

Swali hili limetoka wapi? Kwa upande wa sinema, asili yake inajulikana. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika. Majaribio hayo yaliendelea hadi mwaka 1937. Zilipigwa filamu 35, zikapakiwa garini pamoja na mashine yake, zikaonyeshwa katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Zilihusu kilimo, magonjwa, kodi na mambo ya namna hiyo. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Mfanyakazi mmoja anafukia fedha zake nyumbani na mwizi anaziiba. Mwenzake anaziweka posta na zinasalimika. Fundisho: peleka fedha posta. Mtazamaji hakutarajiwa kuuliza ujira wenyewe ulikuwa kiasi gani, wala kama baada ya kodi ulibaki wa kuweka akiba.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni. William Sellers, mmoja wa viongozi wake, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kuifuata filamu ya kawaida. Apewe filamu ya polepole, isiyorukaruka, yenye jambo moja tu. Mwaka 1952 ikaja Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza mshamba anayeingia mjini akapatwa na yale yanayowapata washamba. Watu waliipenda filamu ile na waliicheka sana. Sidhani kwamba wote walicheka pale walipotakiwa kucheka. Mtu aliyepata kuibiwa mjini humcheka mshamba kwa jicho moja, na kwa jicho la pili huutazama mji.

Wakoloni waliondoka. Dhana yao kwamba sisi ni watu wa jambo moja moja ilibaki nyuma, tukaifanya kuwa yetu, na sasa tunajidharau wenyewe kwa niaba yao.

Watakaonipinga watasema kwamba mafundisho hayakuletwa na Mzungu. Kwamba mababu zetu walihadithia watoto kandokando ya moto, na mwisho wa kila ngano palikuwa na onyo. Ni kweli kwamba maonyo yalikuwapo. Lakini hapa kwetu palikuwapo na shule nyingine ambayo haitajwi.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi huku Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kinaitwa Good Company, na jina hilo ni jaribio la kulieleza neno letu moja: ukwangala. Wazee hawahitaji kitabu cha kuwaeleza neno hilo. Vijana wanakihitaji. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 au 11 walitoka katika boma za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni. Walikula pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua walioa na kubaki hapo hapo, kile kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima wa rika moja. Ukiwauliza sababu walikuambia kwamba akili, amahala, mtu huipata kwa kukaa na wenzake na kuzungumza nao. Anayekaa peke yake hana pa kuipatia, hata awe na baba mwenye hekima namna gani.

Tazama jinsi jambo hilo lilivyo mbali na kidonge. Katika kijiji cha rika hakuna aliyekuwa na jibu mkononi. Palitolewa kisa, mmoja akakishika huku, mwingine akakivuta kule, na kila mmoja akaondoka na kipande alichokipigania. Kesho yake mtu alikuwa na haki ya kubadili maneno.

Sitaki kuipamba picha hii kupita kiasi. Vijiji vile vilikuwa vya wanaume. Wasichana waliozwa wakingali wadogo, aghalabu kwa watu waliowazidi umri sana, na hakuna aliyewajengea wao mahali pa kuzungumza. Tena mazungumzo ya majirani yalikuwa na meno. Iliaminika kwamba manung'uniko ya watu, ile pumzi yao, huweza kumtia ugonjwa aliyewakosea. Kwa hiyo walikuwapo watu waliokaa kimya katikati ya ukwangala, na kimya chao hakikuandikwa na mtu. Ndiyo maana silii nikitaka vijiji vile virudi. Ninaposema kwamba tunahitaji mazungumzo, nasema pia kwamba tunahitaji vitabu na sinema ndani ya mazungumzo hayo, ili asiyethubutu kusema "mimi" apate kusema "yule".

Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka 1974 tulikuwa tunarudi Tukuyu kutoka Mbeya katika lori, na usiku uliotangulia baadhi yetu tulikuwa tumetazama Mother India, ile filamu ya Kihindi ya mwaka 1957 iliyopendwa kote Afrika Mashariki. Walioiona wanakumbuka kisa chake. Mama mmoja mkulima anabaki peke yake na watoto wake, amefungwa na deni la mkopeshaji ambaye daftari lake yeye hawezi kulisoma. Mwanawe mmoja anakua na hasira ya deni lile, anageuka jambazi, anamuua mkopeshaji, na mwishowe anamteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi. Mama anachukua bunduki na kumpiga mwanawe risasi.

Utingo ndiye aliyeanza, tulipokuwa tumeiacha Uyole. "Yule mama ni katili. Mtoto wako wa kumzaa, unampiga risasi?"

Mama mmoja aliyekuwa amekalia gunia la chumvi akamjibu, "Mwanangu, wewe hujazaa binti."

Mzee mmoja akasema kwamba sote tumetazama bunduki na tumesahau daftari. "Daftari lile lingesomwa mbele ya watu siku ya kwanza," alisema, "bunduki isingehitajika siku ya mwisho." Hapo lori zima likanyamaza, kwa maana hakuna aliyekuwamo ambaye jina lake halikuwa katika daftari la duka fulani. Kijana mmoja akasema kwamba Birju, yule mtoto jambazi, ndiye pekee aliyefanya jambo la maana, maana alilichoma daftari. Wakabishana hadi mwendo ukapotea.

Ndipo yule mama wa gunia la chumvi akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi wangu nilimtaja kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ng'ombe wa watu. Yuko gerezani."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mvua ilianza kunyesha tukikaribia Kiwira, na yule mzee akalisogeza turubai upande wake, akamfunika. Utingo, ambaye saa moja kabla alimwita mama wa kwenye filamu katili, alimteremshia gunia lake Tukuyu na hakudai ujira wa kuteremsha.

Sasa mniambie fundisho la filamu ile ni nini. Sheria ni msumeno? Mama hupenda haki kuliko mwanawe? Usikope? Ungeyaandika yote matatu ubaoni, na yote matatu ni ya kweli kiasi, lakini hakuna hata moja lililomfanya mzee yule asogeze turubai. Kilichomfanya asogeze ni kwamba mwanamke alipata mahali pa kulitua jambo alilokuwa amelibeba kwa muda asioujua mtu, na palikuwa na watu waliomsikia akilitua. Filamu ilifungua mlango, na ubishi uliushikilia usifungwe. Mtu mmoja mwenye fundisho mkononi angetosha kuufunga.

Wale waliokuwa wakifasiri filamu katika vibanda vya video walilifahamu jambo hili kuliko wataalamu wa elimu. Dar es Salaam alikuwapo mmoja mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyezifasiri kwa Kiswahili filamu za nje huku akizitia maelezo yake. Watu wenye vyeti waliwacheka wafasiri hao kwa kuongeza chumvi. Mimi nasema walikuwa wakiirudisha sinema katika mazungumzo.

Mfano wangu wa pili ni mzito zaidi, na si wa kufurahisha. Mwaka 1996 binti wa jirani yangu alikuwa akisoma katika shule moja ya sekondari, nisiyoitaja. Walikuwa wakisoma Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilizuiwa kusomwa mashuleni. Rosa ni msichana wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na siku aliyoikuta barua ya mvulana alimpiga binti yake kipigo cha kinyama. Rosa anakua akiwaogopa wavulana, na anapofika mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, hajui ajichunge vipi. Anaharibikiwa, na mwisho anajiua.

Wanafunzi waliulizwa: mwandishi anatoa fundisho gani kwa wasichana? Binti yule aliandika kwamba mwandishi hana fundisho kwa wasichana. Fundisho ni la akina baba. Akaongeza, kwa mwandiko wake mdogo, kwamba mtoto anayepigwa kwa sababu ya barua hujifunza kuficha barua, hajifunzi kusoma barua. Mwalimu alipiga mstari mwekundu juu ya jibu lote. Pembeni akaandika jibu sahihi: wasichana waepuke anasa na wazingatie masomo.

Daftari hilo alilileta kwangu kwa kuwa alijua mimi ni mpenzi wa vitabu. Nilikwenda kumwona mwalimu wake. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, mtihani una majibu yake. Nikiwafundisha kubishana, watafeli kwa ufasaha." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi na mtihani mmoja.

Lakini kijijini kwetu hakuna asiyejua kwamba baba wa binti yule alikuwa mtu wa pombe, na kwamba usiku kulikuwa na kelele katika nyumba ile. Binti asingeweza kusimama mbele ya mwalimu na kusema, baba yangu hutupiga. Mila haikumruhusu, na hofu ilimkataza. Kitabu kilimpa Zakaria ili aweze kumzungumzia baba yake. Alisema alichokuwa nacho, kwa maandishi, mbele ya mtu mzima aliyelipwa kumsoma. Mtu huyo aliangalia kama jibu linalingana na jibu. Mke wangu alikwenda kuzungumza na mama yake, na mama akasema mambo ya nyumbani hayapelekwi barazani. Mwaka uliofuata binti hakurudi shuleni. Alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Sisemi kwamba ule mstari mwekundu ndio uliomfukuza. Nasema kwamba alifungua mlango mara moja, na swali la fundisho ndilo lililoufunga.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanaponiletea Shaaban Robert. Huyu, wanasema, ndiye baba wa fasihi yetu, na vitabu vyake vimejaa maadili. Hata majina ya watu wake ni mafundisho matupu. Nakubali kuhusu majina. Lakini nawaomba wakifungue tena Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Anasimama barazani siku baada ya siku, anawaeleza watawala habari za wajumbe 6 waliotumwa kutafuta mema ya nchi na kuishia kifungoni. Kitabu kizima ni mtu anayejibu mashitaka mbele ya watu, na hadithi ndizo utetezi wake. Ungeondoa baraza lile ukabaki na maadili peke yake, ungekuwa na orodha ya kubandika ukutani. Shaaban Robert alijua kwamba wema usiobishiwa hauna nguvu, ndiyo maana akampa Karama mshitaki.

Nawaletea na mimi shahidi wangu. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Kiongozi wa nchi changa, mwenye mamlaka ya kutuandikia kitabu cha utii kama angetaka, alichagua kutupa kwa Kiswahili kisa cha mtawala anayeuawa na rafiki zake kwa hoja ya kuiokoa nchi. Je, Brutus ni msaliti au ni mzalendo? Shakespeare hasemi, na Nyerere hakutuongezea jibu pembezoni. Alituamini kwamba tunaweza kukaa na swali lisilo na jibu. Walimu wetu wamekuwa wakituamini kidogo kuliko alivyotuamini yeye.

Na tazameni jinsi jibu linavyoweza kupenyezwa hata katika jalada. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Tafsiri yenyewe naishukuru, imewafikia watu wengi. Lakini msomaji ameshaambiwa kwamba Okonkwo ni shujaa kabla hajafika mahali ambapo Okonkwo anamkata kwa panga Ikemefuna, mtoto aliyemwita baba, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Nimewahi kukisoma kitabu hicho pamoja na wazee wawili wa huku, watu wa kanisa la Moravian, kanisa ambalo misheni yake ya Rungwe ilianza mwaka 1891. Tulipofika hapo mmoja wao alikifunga kitabu akasema hakitaki tena. Mwingine akasema, "Kifungue, tata. Wewe na mimi tumewahi kuogopa kuonekana dhaifu." Tulikaa mpaka usiku, na neno shujaa halikutajwa.

Nimewaacha mwisho wauzaji wa mafanikio, kwa kuwa ndio wanaonikera zaidi. Siku hizi vitabu vyao viko kila stendi, na wao wenyewe wako kila ukumbi. Wanachukua maisha ya tajiri wa Marekani, wanayakamua, wanatoa siri 7 au kanuni 10. Kisha wanamwambia kijana wa Tukuyu kwamba kinachomtenganisha na tajiri yule ni mtazamo. Hii ni ile ile filamu ya akiba ya posta. Haulizwi mtu ujira ulikuwa kiasi gani. Tena ina ubaya wa ziada, kwa kuwa kijana akishindwa, anaambiwa kosa ni lake: hakuamini vya kutosha.

Wakulima wadogo wa chai wa wilaya hii hawakusoma kanuni 10 walipoungana katika chama chao na kupata hisa katika kampuni iliyomiliki viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Walikaa mikutano isiyohesabika, wakagombana juu ya mizani, juu ya bei ya jani bichi, juu ya nani aaminiwe na muhuri. Sidai kwamba shida zao zilikwisha. Aliyelima chai anajua. Nadai tu kwamba hatua ile haikutoka katika kichwa cha mtu mmoja aliyejifungia chumbani kubadili mtazamo wake. Ilitoka katika kukaa na wenzake. Kwa Kinyakyusa jambo hilo lina jina, nami nimeshalitaja.

Nimalizie na mnyama. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya mlima Rungwe walizungumza na wawindaji wa vijiji vya kandokando, wakasikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Katika masimulizi ya huku wanyama wa kweli na wa kufikirika huchanganyika, kwa hiyo palikuwa na kila sababu ya kulipuuza neno hilo. Hawakulipuuza. Walikwenda msituni, wakamwona. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa spishi mpya, na mwaka 2006 wanasayansi wakaona ni wa pekee kiasi cha kustahili jenasi yake mwenyewe, wakaiita Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu.

Wale wawindaji hawakutoa fundisho. Walisimulia walichokiona. Kama yule aliyewasikiliza angekuwa mtu wa kuuliza "hii inatufundisha nini?", angeandika kwenye daftari lake kwamba hadithi ya kipunji inatufundisha kuwa na haya, angefunga daftari, na nyani yule angebaki msituni bila ya kujulikana. Hadithi ilikuwa na kitu cha kweli ndani yake, kikubwa kuliko onyo lolote, na kilipatikana kwa sababu mtu mmoja aliuliza swali jingine: wapi? Umemwona lini? Alikuwa na nani?

Basi nawaomba watungaji wa mitihani wawape watoto wetu swali moja lisilo na jibu sahihi, hata kama ni la alama 5 tu, na walimu wapewe ruhusa ya kumpa alama mtoto aliyetetea vizuri jibu wasilolipenda. Nawaomba wazazi, filamu ikiisha, wasizime na kuhukumu. Wamuulize mtoto angefanya nini yeye, kisha wafunge mdomo, hata ikichukua muda. Nawaomba wahubiri wakumbuke kwamba Yesu alipoulizwa jirani yangu ni nani, alisimulia habari za Msamaria, kisha akamrudishia muulizaji swali lake alijibu mwenyewe.

Na wewe ndugu msomaji, ambaye huenda umeyasoma haya usiku, mvua ya Tukuyu ikipiga mabati: ukikimaliza kitabu chochote, hata hiki, mpelekee jirani. Msubiri akisome. Kisha nenda kwake mkabishane, na akianza kuzungumza habari za "yule" kwa sauti iliyobadilika kidogo, mwache aseme mpaka mwisho.